Jiwe nyeusi ya mama

Jirani anachoma mufupa wa ngombe leo. Ile harufu ikiniingia tu mu pua, kasirani inanipanda.

Nilikuwa mutoto. Nyoka ilimuuma mama mu shamba ya mihogo, muguu ukavimba kama mupira. Nkambo, mama yake mama, akabandika pale jiwe nyeusi, ile ya mufupa wa kuchoma. Inavuta sumu, ikimaliza inaanguka yenyewe. Ukiitosha, ukiibandua mbele imalize, muntu anakufa.

Pasteri akaingia, akaanza kutuhubiria. "Waisraeli walinung'unika, Mungu akawatumia nyoka za sumu. Mama, tubu! Ulinung'unika juu ya nani?"

"Juu yako," mama akajibu.

Nkambo akamuangalia. "Lakini Musa aliwatengenezea nyoka ya shaba, wakaitazama, wakapona. Wewe umetuletea nini, Papa Pasteri?"

"Hii jiwe ni uchawi!" Akainama, akanyoosha mukono aitoshe.

Nikauma ule mukono mupaka nikasikia damu mu kinywa.

Akaruka, akapiga kelele: "Hii mutoto ni nyoka!"

Mama, na ile homa yote, akacheka. "Ndiyo, Pasteri. Na hii nyoka ni ya kwangu."

Jiwe ilibakia pale pale, inavuta.