Usiingie kwa Mzazi Mikono Mitupu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kambi ya Lukole ambayo sitaisahau hata nikisahau jina langu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo umenata kwenye viatu, nami nilikuwa binti mbichi, sijaolewa, nimevaa fulana mpya ya kazi na mkoba wa dawa begani. Nilijiona, sikufichi. Ngara nzima nani alikuwa kama mimi? Shule nilikuwa nimemaliza, na Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana nikapata kazi ya afya kambini. Nimesikia nawe umepangiwa kazi hiyo hiyo kule Nemba, Biharamulo. Ndiyo sababu nimekuita. Kunywa chai yako, mimi siku hizi sisemi haraka.

Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea akina mama waliojifungulia nyumbani na kuwapa vitamini A. Kilikuwa kidonge chekundu, laini, ndani mna mafuta. Tulifundishwa kwamba mama anayenyonyesha, akikaa miezi na miezi kwa kula unga na maharage tu, hana majani wala matunda, mwili wake huishiwa, na mtoto hupata maziwa yaliyopungukiwa. Mama mwenyewe huweza kufika mahali jua likizama haoni. Tena tuliambiwa apewe mapema baada ya kujifungua, kabla hajaweza kushika mimba nyingine, maana dozi kubwa namna ile haimfai mwenye mimba. Usije ukabeba vidonge vyangu vya zamani kwenda navyo Nemba! Taratibu zimebadilika tangu enzi zile, na anayejua leo nani apewe nini ni kliniki yako, si mimi mwanamke mzee. Mimi nina kingine cha kukupa.

Basi kulikuwa na mama mmoja kijana, Domitila, mzazi wa mtoto wa kwanza. Alikaa katika nyumba ya turubai pamoja na mama mkwe wake, Bibi Kansilida. Mume alikuwa amepotea njiani wakati wa kukimbia na habari zake hazikujulikana. Huyo Bibi Kansilida alikuwa mwembamba, mrefu, na mlango wake aliulinda haswa. Mara ya kwanza nilipokwenda alinijibu, "Mzazi amelala." Mara ya pili, "Mzazi bado amelala." Ofisini tulikuwa na jina la watu kama yeye. Tuliwaita wenye imani potofu. Tulisema wanaogopa kidonge kitakausha maziwa, tukatikisa vichwa, tukaenda nyumba nyingine.

Asubuhi ile ya mvua nilikwenda mara ya tatu. Turubai lilikuwa limefungwa pande zote, ndani kuna giza kidogo, lakini mimi niliona vizuri tu. Domitila alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani. Mama mkwe akamwekea kikombe cha maji mbele yake. Nikaona mkono wa yule binti unapapasa, unakwenda kushoto, unarudi kulia, na kikombe kiko pale pale. Nilijua ninachokiona, na nilijua siku zake za kupewa dawa ile zinakwisha. Nikafungua mkoba palepale mlangoni, hata salamu sikumaliza, nikamwambia Bibi anipishe.

Hakunipisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, wewe si Muhangaza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwenu mtu akizaa, mnakwendaje kumwona?"

Jibu nilikuwa nalijua tangu utotoni, mwanangu. Kwetu, kama kwao, mwanamke akijifungua watu huenda kumhemba. Yaani humwendea na uji, maziwa, maharage yaliyopikwa, na pombe kidogo kwa wazee wa nyumba. Unakaa, unampokea mtoto mikononi, unamsifu mama, ndipo unasema lililokuleta. Kwa mzazi hakuna anayekwenda mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi, walisema waliotutangulia.

Bibi Kansilida akaendelea. "Nani kakuambia naogopa dawa? Huyu mtoto tangu azaliwe hakuna aliyepiga hodi hapa na hata bakuli la uji. Wanakuja wenye mikoba tu. Mmoja apime mkono, mwingine aulize maswali, wewe unamwambia mzazi afumbue kinywa. Posho tunapangia foleni, sawa, tumekimbia vita. Lakini mjukuu wangu hakuzaliwa kwenye foleni."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nimemwona mkimbizi, sikuwa nimemwona nyanya aliyepata mjukuu. Nikafunga mkoba, nikamwamkia upya kwa heshima zote, nikaondoka. Njiani nililia kidogo, halafu nikakasirika, halafu nikafika nyumbani kwa mama yangu.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilipomweleza, aliweka kisu chini. "Umekwenda kwa mzazi hivyo hivyo? Na ukajitaja kuwa binti wa nani?" Hakungoja jibu. Alijifunga kanga akaenda kwa wenzake wa jumuiya, nyumba kwa nyumba, nami nasikia sauti yake mpaka bondeni.

Jumapili baada ya misa walitoka wanawake wa kijiji chetu na vikapu vichwani. Nikikumbuka msafara ule mpaka leo najivuna, na sioni haya kujivuna. Hawakuwa na mali wale. Wengine mashamba yao yalikuwa yamekanyagwa tangu wageni waje, kuni zimekuwa mbali, na manung'uniko hayakukosekana. Lakini walibeba uji wa mtama, viazi vitamu vya njano, majani ya maboga yaliyopikwa na karanga, maziwa ya mgando, na kibuyu cha pombe ya ndizi. Mama yangu alitangulia mbele, mimi nyuma na mkoba wangu.

Bibi Kansilida alipotuona alisimama. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitambaa kizuri ambacho sikujua kama anacho, akatandika mkeka nje na kupokea kila kitu kwa mikono miwili. Mama yangu akampakata mtoto, akamtazama sana, akasema ana kipaji cha uso cha kichifu. Ni uongo, alikuwa mtoto wa kawaida tu, lakini pale ndipo Bibi Kansilida alipolia. Alilia waziwazi mbele ya watu wote, na wanawake wetu wakalia naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimesikia watu wakiitamka methali hiyo kwa mzaha, mimi niliiona kwa macho.

Watu walipokwisha kula, akanigeukia. "Haya binti, hiyo dawa yako iko wapi?"

Domitila alimeza. Wazazi wa nyumba za jirani, waliokuja kwa harufu ya chakula na kwa vicheko, nao wakauliza na kupewa waliostahili kupewa. Kesho yake ofisini wakataka kujua nimetumia mbinu gani ya elimu. Nikawaambia nimewapelekea viazi.

Baada ya siku chache nilipita jioni, jua linakaribia kuzama. Bibi Kansilida alinikimbilia, mwanamke yule asiyekimbia. Alinishika mkono akanipeleka mpaka mlangoni. Domitila alikuwa amempakata mtoto, anamtazama usoni, anamgusa nyusi moja baada ya nyingine, anacheka. "Anamwona," Bibi akaninong'oneza. "Hata kwa mwanga huu, anamwona." Katika kazi zote nilizofanya mpaka kustaafu, mwanangu, hakuna mshahara uliopita ule.

Nami nikaolewa, nikazaa. Siku yangu ya tatu kitandani nikasikia hodi. Alikuwa Bibi Kansilida, kapita kwenye matope kutoka kambini, na bakuli kichwani limefunikwa kwa kitambaa. Ndani mna uji wa unga ule ule wa posho yake, maharage ya posho yake, na mafuta aliyokuwa ameyabana. Mkimbizi alikuja kunihemba mimi mwenye shamba. Wakwe zangu walitaka kumzuia asijinyime, mama yangu akawakataza. "Mwacheni," alisema, "leo yeye ndiye mgeni wetu mkubwa." Kutoa ni moyo, si utajiri. Nilikula bakuli lote nikalamba na kidole.

Baadaye amani ilirudi kwao wakarejea Burundi, na Lukole leo pamekuwa pori na mashamba tena. Wewe unakwenda Nemba, kwa Wasukuma waliohamia kutoka Mwanza na Shinyanga, wengine na ng'ombe zao, na mimi sijui wao humwendeaje mzazi. Kuuliza si ujinga. Kabla hujafungua mkoba, uliza mtu mzima wa pale, mzazi hapa huendewa na nini, na nani huamkiwa kwanza? Usimwite mtu mwenye imani potofu kwa sababu tu kakufungia mlango, huenda ni wewe uliyeingia vibaya. Dawa yako ni nzuri, iamini, ipeleke kwa wakati na usiicheleweshe kwa adabu za bure. Lakini mfanye mama ajue kwanza kwamba umekuja kwa sababu amezaa mtu, ndipo umwambie ameze. Anayehitaji msaada hajaacha kuwa mwenye nyumba.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe miguu ya kufika na masikio yatakayotangulia mdomo. Na siku utakayojifungua wewe, nyumba yako ikose pa kuweka vyungu watakavyokuletea watu.