Goti la Milimita na Sakafu ya Shemeji

Mafundi walimwita Milimita kwa sababu kigae kikipotoka unywele mmoja, alikuwa anaking'oa. Na watu aliwapima kwa kipimo hicho hicho. Miaka ishirini na sita alikula kwa magoti yake, mwishowe goti la kulia likaanza kumla yeye.

Kila akipiga goti, upande wa ndani uliwaka kama umebandikwa kaa la moto. Wakati huo alikuwa fundi mkuu wa vigae kwenye jengo la ghorofa tatu, akisaidiwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kazi tangu hajui mwiko unashikwa wapi. Siku moja saa ya chai akashuka ngazi, akamkuta shemeji mbele ya mafundi, mguu kaukaza kama ufito, anamwigiza anavyochechemea. Vicheko mpaka chai inamwagika. Hilo angelimeza. Lakini mchana mwenye jengo akamwita.

"Fundi, shemeji yako ananiambia utakuja kunifia huku juu. Nenda kapumzike. Kazi ataimaliza yeye."

Milimita aliokota pimamaji yake, akaondoka na neno moja moyoni: siku ya kukabidhi jengo, atapanda zile ngazi kwa miguu yake.

Hospitali, daktari, mama mfupi asiyependa maneno mengi, akamwonyesha picha. Upande wa nje wa goti mifupa imeachana vizuri. Upande wa ndani gegedu limelika, mfupa unasaga mfupa.

"Baba, goti halijaharibika lote. Tutabadilisha huo upande tu. Chuma juu, chuma chini, plastiki katikati. Kano zako tunaziacha."

"Kumbe hung'oi sakafu nzima, unatoa vigae vilivyokufa."

"Hivyo hivyo."

"Basi pima usawa, daktari. Mimi nakagua."

Siku ya upasuaji walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho. Aliposikia nyundo inagonga akajiona yuko kazini, ila leo sakafu ni yeye.

Kesho yake wakamsimamisha kwa magongo. Kwenye mazoezi wenzake walikunja goti wakihesabu moja mpaka kumi. Yeye kila akikunja, jasho likimtoka, alisema, "Shemeji! Shemeji! Shemeji!"

"Jamani, huyu anampenda shemeji yake," akasema mama wa kitanda cha pembeni.

"Simsahau hata dakika moja, mama."

Wiki ya kumi, siku ya kukabidhi ikafika. Milimita akapanda ngazi na fimbo moja, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shemeji alikuwa kasimama na mwenye jengo, shati limenyooka.

"Aa, shem! Mguu mpya huo?"

"Nusu tu, shem. Nusu ya zamani ndiyo inayokujua."

Na kweli alimjua. Shemeji akiharakishwa, hapaki gundi kigae kizima. Anatupia matonge matano, pembe zinabaki hewani. Milimita akagonga kigae cha kwanza kwa fimbo. Katikati kikajibu kifupi, kizito. Pembeni kikalia kama debe tupu. Cha pili, debe. Cha tatu, debe. Cha nne akakikandamiza pembe kwa kisigino. Kikakatika kama biskuti.

Mwenye jengo akamgeukia shemeji. "Hii nini?"

"Bosi, yaani, ile haraka ya mwisho..."

"Viko vingapi hivi?" mwenye jengo akamuuliza Milimita.

"Nipe kiti, bosi, nikuonyeshe kimoja kimoja."

Akapewa kiti, na kazi juu yake: hakuna kigae kinachopita mpaka yeye akigonge. Siku nne shemeji alipiga magoti mbele ya kile kiti, anabandua, anabandika upya. Mafundi wale wale wa chai wakicheka, safari hii kwa adabu, mdomo umefunikwa.

Jioni ya nne dada akapiga simu.

"Kaka, mume wangu magoti yamevimba, hawezi hata kuchuchumaa. Basi yaishe. Ni baba wa wapwa zako."

"Nimekusikia, dada. Mwambie aje na godoro la kupigia magoti. Kesho tunaingia ghorofa ya pili."

Dada akakata simu, na hajapiga tena mpaka leo. Saa moja asubuhi Milimita alikuwa kitini, fimbo mkononi, anamsubiri mume wa dada yake.