Walituandikia kwamba Mvua ya Kwanza amekufa: nilivyogundua ni uongo, na nilichokuta Kathonzweni

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Nimesoma nyuzi nyingi hapa za fans kudanganywa kwamba msanii wao amekufa, kumbe yuko kwake anakunywa chai. Nimecheka, halafu nikakumbuka yangu. Nitaisema vile ilikuwa, hata pale inaponiaibisha. Majina tu ndio nimebadilisha.

Hii ni miaka ya themanini. Nilikuwa fundi wa nguo Sultan Hamud, cherehani yangu iko kwa veranda ya duka. Internet hakuna, lakini fans tulikuwepo. Sisi tulikuwa fans wa kipindi cha salamu kwa redio.

Kwa wale wadogo: unanunua kadi, unaandika majina ya watu unaowasalimia, unaposti, halafu unangoja siku mtangazaji ataisoma. Kila mtu alikuwa na jina lake la hewani. Mimi, Ndinda, nilikuwa Sindano Moja.

Klabu yetu ilikuwa ya watu kama ishirini, Sultan Hamud, Mbooni, Kathonzweni mpaka Kitui. Wengi hatukuwa tumeonana hata siku moja. Tulijuana kwa kadi na barua tu.

Malkia wetu alikuwa mama mmoja wa Kathonzweni aliyejiita Mvua ya Kwanza. Kadi zake zote ziliishia hivi: "Na wale wanaosalimia wengine lakini wao hawasalimiwi, leo nawasalimia mimi."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Mara ya kwanza kusikia hayo maneno nilikuwa nashona uniform. Mguu ulisimama wenyewe.

Sasa, siku moja ya Jumatatu chairman wetu, Mzee Kimeu fundi wa viatu, akaja kwa veranda ameshika kofia mkononi. Amepata barua. Mvua ya Kwanza amekufa, amezikwa Jumamosi, klabu imwombee. Imeandikwa na "Jirani".

Nililia hapo hapo, wateja wakiniangalia.

Kufika Jumanne, watu wa Mbooni wanasema ni malaria. Wa kwetu wanasema ni nyoka, shambani. Barua haikutaja ugonjwa wowote, lakini kila mtu alikuwa na binamu aliyehudhuria mazishi. Mmoja akaniambia hata rangi ya jeneza.

Jioni chairman akaniletea kadi ya tanzia aliyoandika ya kupeleka kwa redio, pamoja na ile barua. Nilikuwa secretary, kwa hivyo alitaka nihakikishe Kiswahili kimekaa sawa.

Hapo ndipo nikaangalia bahasha.

Barua inasema amezikwa Jumamosi. Muhuri wa posta ni wa Alhamisi. Siku mbili kabla.

"Mzee," nikamwambia, "huyu jirani alijuaje mazishi yameisha na hayajafanyika?"

Akavaa miwani. Akaigeuza bahasha. "Labda posta walikosea tarehe."

Nikasoma tena polepole. Mistari ilikuwa inapandana, mingine inateremka mpaka inatoka kwa karatasi. Na mwisho kabisa: "Msisahau wale ambao hawasalimiwi."

"Mzee, hii kadi usiiposti. Ikisomwa hewani, nchi nzima itakuwa imemzika."

Akakasirika. "Ndinda, mtu amekufa na wewe unatafuta makosa?"

"Nipe mpaka Alhamisi. Kama ni kweli, nitaomba msamaha mbele ya klabu yote."

Akairudisha kadi mfukoni, akaenda zake.

Asubuhi yake sikufungua cherehani. Nilienda Kathonzweni. Ilikuwa siku ya soko, nikauliza mama mmoja muuza ndengu nyumbani kwa marehemu ni wapi.

"Marehemu nani?"

"Wayua," nikasema. Hilo ndilo jina lililokuwa kwa anwani ya barua zake.

"Aiya! Wayua si amenunua chumvi hapa saa hii?"

Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Nilijiona mpelelezi. Nilikuwa nimeshapanga vile nitamwaibisha yule wa rangi ya jeneza.

Nilimkuta ameketi nje, ungo wa mbaazi kwa mapaja. Anachambua kwa vidole bila kuziangalia.

"Wakya, mwaitu," nikamwamkia kwa Kikamba, kama mama yangu.

"Aa. Ni nani? Sogea, sikuoni vizuri."

"Ni mimi Sindano Moja, wa Sultan Hamud."

Vidole vikasimama.

"Kwa hivyo barua ilifika," akasema.

Hakukana. Aliiandika mwenyewe. Macho yalikuwa yanaisha tangu mwaka uliotangulia, na kadi moja sasa ilimchukua siku nzima.

"Lakini mama, kwa nini hukutuambia?"

"Si wewe uliniandikia ukaniuliza kama siku hizi naandika nikiwa juu ya punda?"

Wakuu, kweli niliandika hivyo. Utani, chini ya barua. Na nikachora ka-punda. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Sikukasirika," akasema. "Hata nilicheka. Lakini nikajua sasa inaonekana. Nikinyamaza mtauliza. Nikiendelea mtacheka. Nikaona heri niwe nimekufa, mnikumbuke na mwandiko wangu mzuri."

Nilipiga magoti hapo kwa vumbi nikaomba msamaha. Akanyoosha mkono, akapapasa uso wangu.

"Kumbe wewe ni mdogo hivi? Kwa kadi unaongea kama mama mkubwa."

Tulipika hizo mbaazi tukala. Kabla sijaondoka nikatoa kadi kwa mkoba. "Sema, mimi nitaandika." Akakataa. Nikabembeleza. Akakataa tena. Halafu akaanza kutaja majina, klabu nzima, bila kumsahau hata mmoja.

Kurudi, nikamwambia chairman nimemshika huyu mama mkono, ni mzima.

"Na nani aliandika?"

"Sijui, Mzee."

Huo ni uongo wangu katika hii story. Aliniangalia kidogo, akachana kadi ya tanzia, akarudi kwa viatu vyake. Yule wa jeneza naye akasema alikuwa na mashaka tangu mwanzo.

Nikawa naenda Kathonzweni kila mwezi kumwandikia. Macho yalipoisha kabisa, yeye mwenyewe akaniambia, "Sasa waambie." Nikaandikia kila mtu, na nikaomba kila mmoja atume kadi ya kumsalimia yeye peke yake.

Siku kadi hizo zilipoanza kusomwa nilikuwa kwake. Moja, ya pili, ya tatu. Mzee Kimeu. Watu wa Mbooni. Hata yule wa jeneza. Mama ameweka kiganja juu ya redio kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Hawa wote wanajua sioni?"

"Wote, mama."

Kipindi kilipoisha akaizima redio. "Basi nimesumbuka bure," akasema, akajipangusa macho na ncha ya leso.

Wakuu, funzo langu ni hili. Angalia tarehe, angalia muhuri, usiposti kitu kwa sababu kila mtu analia. Lakini nilienda kushika mwongo, nikakuta mtu aliyeogopa kuchekwa, na mchekaji nilikuwa mimi.

Je, wewe umewahi kufuata habari ya uongo mpaka kwa mlango wa mwenyewe? Ulimkuta nani? Niandikieni hapo chini, nitasoma zote.