Nyumba Isiyoingia Vumbi

Abdulsamad anauza madirisha, na akikushika akuuzie, utachoka wewe kabla yake. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya mgahawa, barabara ya Huanshi Zhonglu, na kila Mtanzania anayejenga kwao akipita Guangzhou lazima apandishwe zile ngazi. Atakufungia dirisha la alumini mbele ya macho yako, apenyeze karatasi pembeni, ikwame. "Umeona? Mpira pande zote. Vumbi likitaka kuingia, lipige hodi." Tunamcheka, lakini tunanunua.

Mwenyewe ni mtu wa Unguja, mpole, mwoga wa kupanda ndege na wa madaktari. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, akamwachia binti mmoja, Kauthar, aliyelelewa na shangazi yake, Bimdogo. Kwa ajili ya huyo Kauthar ndiyo akajenga Fuoni, kwao Unguja, na madirisha ya nyumba ile aliyachagua mazito kuliko yote aliyowahi kuuza. Joto halikumtia wasiwasi. Angeweka mashine ya kuingiza na kutoa hewa, mabomba yake yapite chini ya slabu kabla dari ya jipsamu haijafungwa. Hilo alilipanga tangu msingi, maana ukichelewa utabomoa ulichojenga.

Basi juzi aliniomba nimsindikize soko la vifaa vya ujenzi akanunue hiyo mashine, nimtafsirie, kwani Kichina chake kinaishia kwenye bei. Furaha ilikuwa imempanda kichwani. Kauthar kajifungua mtoto wa kiume, na kwa kuwa nyumba ya zamani inavuja masika haya, Bimdogo alishawahamishia mzazi na mtoto nyumba mpya, jipsamu iwepo isiwepo. "Mjukuu wangu ndiye wa kwanza kulala mle," aliniambia, na kwenye teksi akaniambia tena.

Laoban, yaani mwenye duka, mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni, alitandaza ramani ya nyumba mezani akaanza maswali. Vyumba vingapi? Wanalala wangapi? Jiko liko wapi? Abdulsamad alijibu kwa mbwembwe. Kisha mama yule akauliza ndani ya nyumba panawaka moto wa aina gani.

"Hapawaki kitu. Jiko liko uani."

Laoban akaeleza kwa nini anauliza. Huku baridi ikiingia kuna watu hufunga bafu wakaoga na mtambo wa gesi wa kuchemshia maji unawaka humo humo, na hewa mbaya inajaa. Haina harufu wala moshi. Mtu anasikia usingizi tu, analala.

Nikatafsiri hivyo hivyo. Nilipofika kwenye usingizi, Abdulsamad alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mzazi," alisema.

Nani kwetu pwani asiyekijua chumba cha mzazi? Arubaini nzima kimefungwa, jiko la mkaa miguuni pa kitanda, chetezo cha ubani pembeni, ili upepo usimwingie. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na nyufa na matundu juu ya ukuta, hewa ikijipitia yenyewe. Hii ya Abdulsamad haina hata upenyo wa karatasi.

Akapiga simu. VPN, ile inayotufungulia simu za mtandao huku, ikagoma. Akapiga tena, ikaita kidogo, ikakatika. Nikamnyang'anya simu nibonyeze mimi. Niliogopa, sikufichi. Laoban alituletea maji, hatukuyagusa.

Mwishowe Bimdogo akapokea. Huku Guangzhou ilikuwa alasiri, kwao bado asubuhi, na nyuma yake mwiko ulikwaruza sufuria.

"Dada, Kauthar yuko wapi?"

"Kalala. Na mtoto kalala. Namkorogea uji wa pilipili manga, akiamka anywe."

"Kalala tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Nyumba yako ina utulivu, mashaallah. Hata mtoto hajalilia ziwa."

Abdulsamad alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima. "Fungua madirisha! Toa jiko! Watoe nje!"

"Una wazimu weye? Mzazi apigwe na upepo?"

"Dada, nakuomba kwa Mungu! Ule mkaa unawaua!"

Mwiko ukaanguka. Tukasikia kandambili zikikimbia, mlango, kisha Bimdogo akiita, "Kauthar! Kauthar we!" Hakuitikiwa. Abdulsamad akakaa sakafuni, katikati ya mashine zilizowashwa kwa maonyesho, simu sikioni, nami nimeinama kando yake. Kitu kizito kilikuwa kinaburutwa. Majirani wakaitwa. Sijui tulikaa vile muda gani.

Kisha mtoto akalia, kilio chembamba chenye hasira. Kauthar naye akakohoa, akatapika, akalalamika kichwa, kichwa. Mtu akapaza sauti gari iletwe, wapelekwe hospitali.

"Wako hai," Bimdogo alisema kwenye simu, na sauti haikuwa ile ya kwanza. "Abdulsamad, wako hai." "Toka asubuhi mimi nanyata pale mlangoni, nisije nikawaamsha."