Karamu ya Kigiriki Tuliyomlia Mwenzetu

Mgonjwa ndiye aliyetualika, ila hatukujua kwamba ni mgonjwa.

Tulikuwa walimu watatu, wanawake, tuliofundisha shule moja karibu na Moi's Bridge kwa miaka tisa kabla ya uhamisho kututawanya. Mimi nililetwa Kitale. Mmoja aliacha chaki akarudi kulima mahindi kwenye shamba la wazazi wake, watu waliotoka Mkoa wa Kati na kuhamia Trans-Nzoia kabla hajazaliwa. Wa tatu alirudi kwao Bungoma, akajenga Kanduyi. Yeye ndiye aliyepiga simu Jumatatu.

"Jumamosi saa kumi na moja mje kwa yule mama wa Ugiriki. Nishamwambia tuko watatu."

Mama wa Ugiriki si Mgiriki. Ni mwenyeji wa Kitale aliyekaa Athene miaka kumi na minne akimtunza ajuza mmoja, akajifunza mapishi jikoni kwa ajuza huyo, na aliporudi akafungua mkahawa wa meza sita. Jumamosi moja kila mwezi huacha pilau na chapati, akaandaa chakula cha Kigiriki tangu mwanzo hadi mwisho, sahani baada ya sahani. Tulikuwa tumesema tutaenda, tutaenda, miaka miwili.

Mwenzetu wa Kanduyi aliposhuka kwenye gari, gauni lilimning'inia kama si lake.

"Umepungua, mwalimu," nikasema.

"Si ni kufunga na maombi," akacheka. Sauti ilikwaruza. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Kwanza vililetwa mtindi mzito wenye matango na kitunguu saumu, mkate wa moto, zeituni, na jibini nyeupe ya chumvi. Alichovya kipande cha mkate, akakizungusha mdomoni muda mrefu, kisha akajifuta midomo kwa karatasi. Baadaye ndipo nilipojua kipande kilibaki kwenye ile karatasi. Ukaja wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu. Yule mkulima akasema Wagiriki nao wanacheza kalongolongo, kujifanya wanapika kwa majani, kama watoto wetu, tukacheka wote.

Ikafuata supu ya kuku yenye mayai na ndimu. Mwenzetu aliinywa vijiko viwili. Cha tatu kilirudi. Aliinuka mbio, nami nikamfuata, nikamkuta ameshika sinki kwa mikono yote miwili.

"Ni nini, mwalimu?"

"Ni njia ya chakula. Imeziba. Daktari amesema ni saratani." Alifungua mfereji akanawa uso. "Wiki ijayo wananiwekea mpira wa kulishia, tumboni hapa."

"Na hukutuambia?"

"Ningewaambia mngekuja mmebeba uji na Biblia. Nilitaka kukaa kwa meza na nyinyi kwanza. Na huyo mwingine usimwambie mpaka tumalize. Atalia, aharibie watu chakula."

Nilirudi kukaa. Sahani zilizidi kuja nami sikuweza kuzizuia. Mbilingani zilizopangwa na nyama ya kusaga. Kondoo aliyeokwa na viazi mpaka nyama ikaacha mfupa.

"Mbona hamkuri, bana?" aliuliza yule mkulima, kwa ile r ya watu wa Kati tuliyozoea kumtania. Mwenzetu akanigeukia. "Niambie, hii mbilingani ikoje?"

"Ni tamu."

"Tamu aje?"

Nimefundisha insha miaka ishirini na miwili. Lakini aliyemjibu ni yule mkulima, asiyejua chochote, mdomo umejaa: "Imelainika kama siagi! Juu kuna kitu kama uji wa maziwa, umeokwa ukashika rangi. Na ndani ya nyama, ebu fikiria, wameweka mdalasini!" Mwenzetu alifumba macho akamsikiliza. Nilimwonea wivu yule mkulima, na papo hapo nikamkasirikia, kana kwamba kutojua kwake ni kosa.

Mpishi alikuja kuondoa vyombo, akaona sahani moja haijaguswa. Hakuuliza. Huenda miaka ya kutunza ajuza ilimfundisha. Sisi wawili alituletea vitafunio vya karanga na asali. Mbele ya mwenzetu aliweka kisosi chenye asali tupu na kijiko kidogo.

"Weka kwa ulimi tu, mama," alimwambia polepole.

Yule mkulima alitazama kisosi, akanitazama mimi.

"Mnanificha nini?"

Aliweka uma chini.

"Kula kwanza," mwenzetu alimwambia. "Tafadhali."

Akala, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akamaliza chote.

Mpira uliwekwa Alhamisi iliyofuata. Aliishi miezi mitatu. Nilienda Kanduyi mara nne, na safari tatu za kwanza nilibeba maparachichi, maziwa, ndizi za kuiva, nikijua vizuri kwamba hawezi kumeza. Binti yake alivipokea, akashukuru, akavipeleka jikoni. Safari ya nne sikubeba kitu. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama binti akimimina uji mwepesi kwenye mpira, taratibu, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.