Mama Pacha hakubali watoto wanyamaze

Cherehani inanguruma, na Mama Pacha anakunja ukingo wa sare ya shule bila kuinua macho. Chini ya meza ya kukatia vitambaa, mapacha wake wa miaka mitano wanagombea vifungo.

"Mama, kaka amenipushi!" analalamika wa kike.

"Mwambie akome," anajibu mama, akicheka. "Na wewe usimpushi."

Miezi michache iliyopita, fundi huyu asingecheka. Yeye huzungumza na wanawe Kiswahili. Mumewe, dereva wa lori aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, huzungumza nao Kiingereza. Watoto huzichanganya zote mbili. Mwalimu wao aliogopa kwamba wangechelewa kusoma, akamshauri mama achague lugha moja.

"Nilirudi nyumbani nimenywea," anasimulia. "Nikapiga marufuku Kiswahili, tubaki na Kiingereza cha shuleni. Kumbe nilikuwa nawafunga midomo."

Wa kiume alijikongoja hivyo hivyo. Wa kike akawa kama bubu.

Siku moja Mama Pacha alitoka kumpokea mteja, akasahau pasi juu ya gauni la bibi harusi. Aliporudi, moshi ulikuwa umetanda. Binti yake amesimama kando, ameganda, machozi yanamtiririka.

"Mbona hukuniita, mwanangu?"

"Nilikuwa natafuta neno la Kiingereza."

Mama Pacha anapofika hapo katika simulizi, mguu wake unaacha kukanyaga cherehani. Kitambaa kingine cha kushonea gauni jipya kilimeza mapato ya wiki nzima, lakini si hicho kilichomuuma.

"Je, ingekuwa nguo aliyovaa ndiyo inaungua? Angesimama tu, anatafuta neno?"

Kesho yake alifunga duka, akawashika wanawe mikono hadi shuleni.

"Mwalimu, Kiswahili ndiyo lugha ninayowabembelezea. Siiachi. Nisaidie."

Mwalimu alimwomba binti asimulie kisa cha pasi kwa namna yoyote. Mtoto akaanza kwa kunong'ona, kisha akachangamka, nusu huku, nusu kule, mpaka mwisho.

"Nikaona hajachanganyikiwa hata kidogo," anakiri mwalimu. "Alikuwa na mengi ya kusema."

Sasa Mama Pacha anaondoa mabaki ya vitambaa kwenye kona ya nyuma ya duka. Anataka kutandika mkeka, watoto wa jirani waje Jumamosi kusikiliza hadithi: za Kiswahili kutoka kwake, za Kiingereza kutoka kwa mumewe akiwa hayuko safarini.

"Wachanganye wapendavyo, wakikua watazitenganisha," anasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Ila kunyamaza, humu ndani, hapana."