Jina la Tatu

Nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo lenyewe sikulimaliza. Ng'ombe wa baba walihama kufuata majani, nami nikahama nao, mwalimu akaandika kwenye daftari lake kwamba mimi ni mtoro. Sikuwa mtoro. Nilikuwa kazini kabla yeye hajaamka. Mashine ya kusaga, trekta na nyumba ya bati niliyonayo Getanuwas nimevipata bila cheti, kwa hiyo mtu akiniletea maneno ya semina namsikiliza kama ninavyomsikiliza dalali wa mnadani: namtazama usoni, simwamini.

Hata hivyo semina nilikwenda. Tulikuwa tumejenga shule shikizi, vyumba viwili vya tofali mbichi, ili watoto wadogo wa wafugaji waanzie hapo mpaka wapate miguu ya kufika shule kubwa, ambayo iko mbali. Mwenyekiti wa kamati ni mimi. Walimu walioletwa hawakuwa wabaya, ila wote walitoka mikoa mingine. Walifundisha kwa Kiswahili cha redio, na watoto wetu Kiswahili wanachokijua ni cha kununulia chumvi dukani. Wa mwisho aliondoka hata mvua haijanyesha. Tukaambiwa tutoe mtu wetu anayejua kusoma, afundishwe awe mwalimu msaidizi. Tukimkosa, shule inafungwa. Aliyemaliza kidato cha nne na kukubali kuishi huku kwetu alikuwa mmoja tu, mke wa mwanangu.

Semina ya walimu wasaidizi ilifanyika Nangwa, nami nikamsindikiza. Mwezeshaji alikuwa kijana mnene mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akaniketisha mbele kama mgeni, kisha akaharibu. Aliandika kwenye karatasi kubwa ukutani kwamba leo tunazungumzia jamii za wahamaji zilizo pembezoni. Nikamuuliza pembezoni mwa nini. Akasema pembezoni mwa huduma, mzee wangu. Nikamwambia Mlima Hanang nauona kutoka mlangoni kwangu tangu nizaliwe, na yeye kapanda mabasi mawili kuja kuutazama, sasa aliye pembeni ni nani. Walimu wakacheka. Akatutaka tupige makofi ya kupanda na kushuka ili tuchangamke. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshachangamka.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuita mahudhurio. Kila mmoja alikuja na daftari la shule yake. Unasimama mbele, unaita majina matatu ya mtoto, na wenzako wanajifanya watoto, wanaitika. Alisema mtoto akisikia majina yake yote anajiona yumo darasani. Hapo nilimwona ana akili.

Ikafika zamu ya mkamwana wangu. Akasoma jina la kwanza la mtoto, akasoma la pili, akanyamaza. Akaenda kwa mtoto anayefuata. La kwanza, la pili, kimya. Wa tatu vilevile.

Mimi nilijua. Zaidi ya nusu ya shule ile ni wajukuu zangu, na jina lao la tatu ni langu. Kwetu Wabarabaig mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata awe peke yake kisimani. Na mimi mwenyewe nimekaa hatua tano mbele yake!

Mwalimu mmoja wa shati la kijani akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kutaka tusikie, "Kama daftari lake linamshinda, watoto atawafundisha nini? Kukamua?"

Mwezeshaji akachukua kalamu na kuandika kitu mbele ya jina la mkamwana kwenye orodha yake. Nikasimama, nikawaeleza mila ilivyo, nikataja jina langu mwenyewe kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Lakini mahudhurio yanaitwa kila siku. Utakuwa unakaa naye darasani umtajie?"

Ningeweza kumruhusu alitamke, yaishe. Nililiwaza hilo, nasema kweli, likanishinda. Nina wakamwana wengi, na hakuna aliyewahi kulitamka. Nikasimama pale kama fahali aliyefika kwenye daraja, mbele hataki na nyuma hataki.

Mkamwana hakunitazama. Akamgeukia mwezeshaji, akaomba chaki ya ubao uliokuwa nyuma yake.

"Ninyi sasa ni watoto wangu," akawaambia. "Siwaiti. Nikikuonyesha, unasimama, unajitaja mwenyewe majina matatu, unakaa. Tunaanza na shati la kijani."

Yule akasimama, akajitaja kwa kumung'unya.

"Hata ng'ombe hawajasikia. Rudia, baba."

Akarudia. Mkamwana akayaandika majina yake ubaoni, upesi, kwa mwandiko mzuri. Akawaonyesha kumi namna hiyo, kumi wakaandikwa. Kisha akafungua daftari lake akawaandika na watoto wetu, na nyuma ya kila mmoja akaliandika jina langu, mara sita, mara saba. Mimi kusoma nasoma polepole, ila hilo nalijua, ndilo ninalowekea sahihi mnadani.

Mwezeshaji akanigeukia akauliza kama kuandika nako kumekatazwa. Ukumbi wote ukanitazama. Jambo hilo halijawahi kuamuliwa na mtu, maana wazee wetu hawakuandika.

"Wazee walikataza mdomo," nikasema. "Chaki hawakuwahi kuiona."

Mwezeshaji akakifuta alichokuwa ameandika mbele ya jina la mkamwana. Aliyeshika daftari la shule yetu leo ni yeye.

Ila mimi sikujua nimekubali nini. Shule iko mteremko mmoja kutoka kwangu. Kila asubuhi, chai haijapoa, wajukuu wanasimama mmoja mmoja na kulipiga kelele jina langu, na anayelitaja kwa woga anaambiwa arudie. Juzi alikuja mtu wa Bashay kununua madume. Akasikiliza, akaweka kikombe chini, akaniuliza watoto wale nimewakosea nini.

Nikamwambia wananiita mahudhurio.